Nimeisingizia rejeta bure

Wiki nzima mshale wa joto wa gari langu ulikuwa unapanda, nami kazi yangu kujaza maji na kuilaumu rejeta. Leo fundi kaniambia niguse mipira miwili ya kupitisha maji ya rejeta: wa juu unaunguza, wa chini baridi kabisa. Kumbe thamostati imekwama ikiwa imefunga! Kidude kidogo hicho, hufunguka joto likifika nyuzi 82 hadi 90 hivi, ndipo maji ya moto yapite kwenda kupozwa kwenye rejeta. Pampu nzima, feni nzima. Na ule mfuniko wa rejeta niliouona kizibo tu, kumbe hushikilia presha ili maji yasichemke yakifika nyuzi 100. Mimi nilikuwa naufungua injini ikiwa bado ya moto, jamani! Sijui mvuke ulinikosaje usoni.