Ukiambiwa ulipe ndipo utoe, hapo hamna pesa

Nina kibanda cha uwakala wa pesa hapa Mtwara mjini, si mbali na soko kuu. Tangu malipo ya korosho yaanze kutoka, vijana wanakuja kutuma pesa kwa majina ya watu wasiowajua. Nikiuliza, wengi wananijibu yale yale: kuna tovuti ya kubeti kwa kripto, yaani sarafu za mtandaoni, ameshinda, bado kutoa tu. Nawaandikia wao, na mama zao pia, maana pesa ya korosho wanayotuma ni jasho la mama.

Wiki iliyopita alikuja dereva bodaboda mmoja, kijana mstaarabu. "Dada, nitumie hii haraka, muda unaisha." Nikamwomba anioneshe kwanza anacholipia. Tovuti ilikuwa nzuri kweli, ndege inapaa kwenye skrini, na juu pameandikwa salio: dola 3,180. Hajaweka hata shilingi yake. Alikutana na video ya MrBeast, yule Mmarekani maarufu wa YouTube, anatangaza kasino yake mpya, akapewa msimbo, alipouingiza akawekewa dola 2,500 za kuanzia. Akacheza, zikapanda. Alipobonyeza kutoa, wakamwambia aweke kwanza dola 100 za "uhakiki wa akaunti" ndani ya saa moja, kwa USDT, sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola. Hiyo ni zaidi ya laki mbili. Alikuwa anamtumia shilingi mtu wa kumuuzia USDT, kisha azipeleke kwenye anwani waliyompa.

Ile video imetengenezwa kwa akili mnemba. Ziko nyingi za namna hiyo, za wasanii, za wachezaji, za matajiri, na midomo inaendana na maneno vizuri tu. Lakini sikutaka tubishane kuhusu video. Nilimwambia waandikie wakate hiyo mia kwenye hizo elfu tatu, wakupe kinachobaki. Akaandika. Jibu likaja papo hapo, kwa Kiswahili kilichopinda: "Mpendwa mtumiaji, mfumo hauruhusu makato kutoka kwenye salio kwa sababu ya sheria za utakatishaji fedha."

Mkulima wa korosho anayajua makato kuliko mtu yeyote. Ushuru unakatwa, chama kinakata chake, tunalalamika kila msimu, lakini vyote vinatoka kwenye mauzo. Sijawahi kusikia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inamwambia mzee wa Tandahimba alete laki mbili kwanza ndipo alipwe korosho zake. Anayeshindwa kukata mia kwenye elfu tatu hana hiyo elfu tatu. Lile salio ni maandishi. Mwenye tovuti angeweza kuandika milioni na isimgharimu kitu. Pesa ya kweli pale ni ile utakayoingiza wewe. Na ukishalipa uhakiki, inafuata "kodi", halafu "ada ya kufungua akaunti", mpaka uishiwe.

Tukaikagua ile tovuti palepale kwa bando langu. Ukiingia lookup.icann.org ukaandika jina la tovuti, mara nyingi utaona lilisajiliwa lini. Chini ya ukurasa wao walijisifu wapo tangu 2017. Jina lilikuwa halijafikisha hata miezi miwili. Walikuwa pia wameweka nembo ya leseni ya Curaçao, kisiwa cha Karibiani kinachotoa leseni za kasino za mtandaoni, na tulipoibonyeza haikutupeleka popote. Ilikuwa picha tu.

Kwa hapa kwetu, wa kutoa leseni ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa sheria ya mwaka 2003, na taarifa za wenye leseni unazipata kwenye tovuti ya Bodi, gamingboard.go.tz. Kampuni yenye leseni inakata kodi kwenye ushindi wako kabla ya kukulipa. Haitakudai uitume wewe pembeni. Simshauri mtu abeti, ila tofauti hiyo ijulikane. Na Benki Kuu ilishatangaza tangu Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali hapa nchini.

Wapo wajanja zaidi, hasa wa magrupu ya Telegramu. Hao wanakuacha utoe elfu ishirini mara ya kwanza, tena bila usumbufu, ili urudi na laki tano. Kwa hiyo mtu akikuonesha skrinishoti kwamba yeye amelipwa, bado hajakuthibitishia kitu. Wengine hawataki hata uweke pesa, wanataka uunganishe pochi yako ya kripto na tovuti yao, au uwaandikie yale maneno 12 au 24 ya siri yanayoifungua pochi hiyo. Ukiyatoa, pochi inakombwa. Hakuna kazi halali inayomfanya mtu mwingine akuombe maneno hayo.

Yule kijana alirudisha hela yake mfukoni. Jioni akaniletea mwenzake wa kijiweni ambaye alishatuma, na kwa huyo roho iliniuma. USDT ikishaondoka kwenda kwenye ile anwani ndefu, zile za Tron, mtandao mmojawapo wa kupitishia USDT, zinaanza na T na zina herufi na tarakimu 34, hakuna huduma kwa wateja ya kuipigia ikurudishie muamala. Ingekuwa ametuma shilingi moja kwa moja kwa tapeli, ningemwambia apigie huduma kwa wateja ya mtandao wake wa simu dakika ileile, kabla haijatolewa. Tulichofanya ni kupiga picha kila kitu, anwani, mazungumzo, SMS za muamala, akaenda navyo polisi. Meseji za kitapeli zikija kwa SMS, zitume 15040.

Nikamsihi jambo moja zaidi. Ndani ya siku chache atatafutwa na mtu anayejiita mtaalamu wa kurudisha kripto zilizoibiwa, pengine hata mwanasheria, mwenye maneno matamu na ada ndogo ya kuanzia. Asimjibu. Mara nyingi ni walewale waliomliza, wamerudi na jina jingine kwa sababu namba yake wanayo na wanajua ana uchungu.