Sungura wa Mistari Myeupe

Kwa miaka mingi nilikumbuka mambo mawili tu kuhusu mchezo huo wa video: kioo cheusi, na sungura aliyechorwa kwa mistari myeupe inayotetemeka. Hatimaye nimeutambua. Ni Vib-Ribbon, uliotengenezwa Japani na kampuni ya NanaOn-Sha ya Masaya Matsuura na kutolewa mwaka 1999 kwa ajili ya PlayStation.

Sungura huyo, Vibri, hutembea juu ya mstari mmoja, na muziki ndio unaoukunja mstari huo kuwa vikwazo. Vikwazo vya msingi ni vinne, kila kimoja na kitufe chake; viwili vikiungana, hubidi ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja. Ukikosea mno, Vibri hugeuka chura, kisha mnyoo.

Ila kinachonistaajabisha hadi leo ni kwamba mchezo mzima huingia katika kumbukumbu ya mashine, hivyo unaweza kuitoa diski yake, ukaweka sidii yako mwenyewe ya muziki, nao ukaugeuza wimbo wowote uupendao kuwa njia mpya ya Vibri, njia ambayo watengenezaji wenyewe hawakuwahi kuiona.