Mbuzi na Meza ya Bwana

Bwana asifiwe, wapendwa.

Juma hili kinachotulemea moyoni ni sinia. Katika makanisa mengi ya Nairobi, Jumapili ya Meza ya Bwana ikifika, ukikaa safu za nyuma utaliona jambo hili. Sinia la vikombe vidogo linakuja. Mama analipokea kwa mikono miwili, analituliza ili vikombe visigongane, kisha anampa aliye karibu naye bila kuchukua chake. Hainui macho. Ni mwimbaji wa kwaya. Mumewe ndiye hufika Jumamosi jioni kupanga viti na kuunganisha nyaya za spika. Wana watoto watatu na miaka 12 ya kuishi pamoja katika nyumba ya kupanga. Ukiuliza mbona hawashiriki, utaambiwa bado hawajafunga ndoa. Ukiuliza mbona hawajafunga, utaambiwa mbuzi hawajaisha.

Tazameni jinsi jambo hili linavyofungana. Mahari haijakamilika, kwa hiyo wazazi wa mke hawatoi barua ya kukubali. Barua haipo, kwa hiyo ofisi ya kanisa haipokei ombi la harusi. Harusi haipo, kwa hiyo wawili hawa hawafiki mezani, na mahali pengine hata watoto wao hawabatizwi. Hakuna kikao cha wazee kilichowahi kupitisha kwamba neema inalipiwa kwa mifugo. Hata hivyo, mlangoni pa kanisa ndivyo ilivyo.

Wagalatia 5:1 tunaijua kwa moyo: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru; kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Tunalosahau ni kwamba kongwa alilolikemea Paulo pale halikuwa ulevi wala uchawi. Lilikuwa tohara, ishara ya agano la Ibrahimu, mila yenye heshima kuliko mila yoyote tuliyo nayo. Na huyo huyo Paulo alimtahiri Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, kwa ajili ya Wayahudi wa pande zile (Matendo 16:3). Lakini alipokwenda Yerusalemu na Tito, ambaye alikuwa Myunani, na ndugu wa uongo wakataka tohara iwe sharti, Paulo hakujitia chini yao hata dakika moja (Wagalatia 2:3-5). Mtume ni yule yule na kisu ni kile kile. Kwa Timotheo mila ilikuwa njia ya kuwafikia watu. Kwa Tito ilitaka kuwa mlango wa kumfikia Mungu.

Basi anayesimama mimbarani na kusema mahari ni ya shetani, asome tena Biblia yake. Mtumishi wa Ibrahimu aliwapa ndugu na mama wa Rebeka vitu vya thamani (Mwanzo 24:53). Yakobo alitumika miaka 7 kwa ajili ya Raheli, na baadaye mingine 7. Kutoka 22:16 inamwagiza mwanamume aliyelala na msichana asiyeposwa atoe mahari na kumwoa. Mahari ilimlinda binti asichukuliwe kama kitu kilichookotwa njiani, na bado inaweza kufanya kazi hiyo. Jumamosi asubuhi, magari yanapokutana kwenye kituo cha petroli barabara ya Thika, akina mama wanafunga leso, wazee wanahesabu bahasha mara ya mwisho, kisha msafara unaelekea kijijini kuimba mbele ya lango lililofungwa mpaka lifunguliwe. Hilo ni jambo zuri. Familia mbili zinafahamiana mchana kweupe, na hakuna atakayesema baadaye kwamba hakujua binti yake yuko wapi.

Lakini tujue mila yenyewe inasema nini, maana wengi tunaitetea bila kuijua. Kwa Wakikuyu, wageni huanza kwa kwenda kujua nyumbani. Kisha huja kuhanda ithigi, yaani kupanda tawi, tangazo kwamba binti ameposwa. Kwa desturi hapo hutolewa mwati na harika, kondoo jike na mbuzi jike ambao hawajazaa. Halafu ruracio, mahari yenyewe. Halafu ngurario: mnyama anachinjwa, na bwana arusi anakata kiande, bega la mbuzi, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Ndoa ya kimila hukamilika kwa ngurario, wala haingojei mbuzi wa mwisho. Wakamba wana ntheo yao, mbuzi wa kuthibitisha ndoa, na Wajaluo wana ayie, pesa ya mama ya kuonyesha ridhaa, kabla ya ng'ombe. Kila jamii ina alama yake ya kusema "sasa ni mke", na mara nyingi alama hiyo iko mbali sana na mwisho wa deni. Wazee wenyewe husema ukwe hauishi na mahari hulipwa maisha yote. Sasa, ikiwa mila imepangwa isiishe, kanisa linawezaje kuweka mwisho wake kuwa sharti la harusi? Tumedai kile ambacho hata wenye mila hawakukidai.

Angalieni pia hesabu inapoharibikia. Wazee wakikubaliana mbuzi 30 kwa shilingi 10,000 kila mmoja, hiyo ni shilingi 300,000, kabla hujafika kwenye blanketi la mama, koti la baba, tanki la maji, hema, soda na nauli ya msafara. Kijana analipa 100,000, na karani anaandika kitabuni: "wamebaki mbuzi 20." Hapo ndipo shida inapozaliwa. Deni lililoandikwa kwa mbuzi hupanda pamoja na bei ya mbuzi. Miaka 6 baadaye mbuzi wale wale 20 wanahesabiwa kwa bei ya siku hiyo, na aliyekuwa na deni la 200,000 anakuta limekuwa kubwa kuliko mahari nzima aliyoanza nayo, naye kazini hajaongezwa hata senti. Wengine hukopa kwenye simu ili wasiaibike mbele ya wakwe, na riba inakula kodi ya nyumba. Dawa yake ni rahisi: salio liandikwe kwa shilingi siku ile ile, pande zote zitie sahihi, na kila upande ubaki na nakala.

Sheria ya nchi nayo ni nyepesi kuliko sheria zetu. Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 43, inasema kwamba pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, sehemu ndogo tu iliyotolewa kama ishara inatosha. Kwa ndoa ya Kikristo sheria inataka watu wawili waliotimiza miaka 18, hiari yao wenyewe, mashahidi wawili, na pasiwepo ndoa nyingine inayozuia. Mbuzi hawamo. Waliofanya mila peke yake wanatakiwa kumjulisha msajili ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe. Na wajue kwamba ndoa ya kimila huhesabiwa kuwa inaweza kuwa ya wake wengi, mpaka wenyewe wawili watangaze kwa hiari kwamba wameigeuza kuwa ya mke mmoja.

Na yule asiye na mila iliyokamilika wala cheti? Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kukaa pamoja muda mrefu hakutoshi peke yake. Dhana ya ndoa, yaani mahakama kuwahesabu wawili kuwa wameoana bila sherehe, itakubaliwa mara chache tu, tena kwa ushahidi mzito. Mume akifariki leo, yule mama wa sinia huenda akasimama mahakamani kujieleza yeye ni nani kwa baba wa watoto wake. Na akifariki yeye, kuna mahali maiti hulala mochari huku wazee wakidai mahari kabla ya kuruhusu mazishi.

Hapa lazima tusemezane kama ndugu, hata kama itauma.

Wazee wa kanisa, mmepokea sadaka ya watu hawa miaka 12. Mmewatuma kupanga viti. Mkawaambia meza si yao, kisha hamkuwahi kufika kwao hata mara moja kuwauliza kimewakwamisha nini. Petro aliuliza pale Yerusalemu mbona wanaweka juu ya shingo za wanafunzi kongwa ambalo wao na baba zao hawakuweza kulichukua (Matendo 15:10). Ni wangapi kati yenu mlimaliza mahari zenu kabla ya harusi? Nidhamu ya kanisa ni kumrejesha mtu. Ikimweka mtu pembeni miaka 12 bila njia ya kurudi, hiyo imeacha kuwa nidhamu.

Wazazi, binti yenu si kiwanja cha kungojea bei ipande. Mnapoizuia barua kwa sababu ya salio, mnamfungia binti yenu ndani ya dhambi mnayomlaumu nayo. Bwana alisema juu ya watu wanaoiacha amri ya Mungu na kuyashika mapokeo ya wanadamu (Marko 7:8).

Na ninyi wanaume, sikieni. Wako wanaosingizia mahari. Pesa ya gari ilipatikana, pesa ya ploti Kitengela ilipatikana, ila ya kutuma wazee wawili kwa wakwe haijapatikana mwaka wa 12 huu. Uhuru wetu usiwe sababu ya kuufuata mwili (Wagalatia 5:13). Kukaa na mwanamke nusunusu, ukijiwekea mlango wa kutokea, ni dhambi ya kutubiwa, na tusiibembeleze kwa kuiita hali ya maisha. Mwanamke huyo amekuzalia, amekufulia, amekuombea. Simama uape mbele za watu kwamba ni wako na wewe ni wake.

Njia yenyewe haihitaji zaidi ya miezi mitatu. Kwanza, wawili wakae na mchungaji, waungame walivyoanza, na ithibitishwe kwamba hakuna mmoja wao aliye na ndoa nyingine mahali. Swali hili liulizwe bila haya, maana hapa ndipo harusi huvunjikia madhabahuni. Pili, watumwe wazee wawili kwa wazazi wa mke, na kanisa litume mmoja wao. Waombe radhi kwa kuchelewa, wapeleke walicho nacho, waombe mambo mawili: salio liandikwe kwa shilingi, na barua itolewe. Wazazi wakikataa kabisa, waendewe tena, hata mara ya tatu, kwa heshima, maana amri ya kuwaheshimu baba na mama haijafutwa. Baada ya hapo kanisa lisijifiche nyuma ya barua. Tatu, matangazo ya ndoa yasomwe kanisani. Nne, harusi ifungwe baada ya ibada ya Jumapili, pete mbili, mashahidi wawili, chai na mandazi ya akina mama. Kamati ya harusi na bajeti ya hema si sakramenti. Cheti kitiwe sahihi siku hiyo hiyo, kabla watu hawajatawanyika kwenda kupiga picha.

Kuna atakayeuliza juu ya Warumi 13:8, "Msiwiwe na mtu cho chote." Deni linalolipwa kwa mpango uliokubaliwa halivunji neno hilo. Linalovunja ni kutoroka simu za baba mkwe.

Mengine tuyapitie upesi. Pombe ya wazee: nyumba nyingi zilizookoka huweka soda na uji mahali pa muratina, au hutoa thamani yake kwa pesa, na wazee hukubali wakiambiwa mapema, si siku ya sherehe. Mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu: Matendo 15:29 inataja damu, na ndugu hawafanani katika kuisoma. Anayekula asimdharau asiyekula, na siku ya wageni ichomwe nyingine isiyo na damu, iwekwe sahani yake. Nyama iliyochinjwa na Mwislamu kwenye bucha la mtaa, kuleni bila kuulizauliza (1 Wakorintho 10:25). Kumrithi mjane kama mali ya ukoo hakuna nafasi kwetu, awe mzee wa kanisa au asiwe.

Na tohara ya wasichana haimo kabisa katika mambo ya uhuru. Inakata mwili wa mtoto asiyeweza kukataa, na sheria ya 2011 imeiharamisha. Ila mwaka 1929 utukumbushe kitu. Misheni za Kikuyu zilipodai waumini watie alama ya kidole gumba kuikana desturi hiyo, maelfu walitoka, yakazaliwa makanisa na shule za kujitegemea. Wamisionari walikuwa sahihi juu ya kisu. Lakini karatasi ya kidole gumba haikumwokoa binti hata mmoja wa wale ambao wazazi wao walikwisha kuondoka. Hata ukweli tulio na uhakika nao, tuupeleke kwa miguu, nyumba kwa nyumba.

Basi kabla ya Jumapili ya ushirika ijayo, wazee, andikeni majina. Mnawajua. Msiwaite ofisini, maana wakiitwa ofisini watadhani wanafukuzwa. Nendeni kwao siku ya kazi, saa moja na nusu jioni, baba akiwa amerudi na watoto hawajalala. Nendeni wawili, mume na mke, ili mama naye apate wa kuzungumza naye. Mkanywe chai yao. Mkaombe kitabu cha mahari kiletwe mezani, mkisome pamoja mstari kwa mstari, na kabla hamjaondoka mpange tarehe ya kwenda kwa wakwe na nani atalipa nauli.