Jino bovu na dawa ya mifupa: usiache dawa kabla hujauliza

Bi mkubwa yuko kwenye dawa ya mifupa, gego limeoza, usiku halali, na mtu keshamtia hofu kuwa aking'oa jino taya litaoza. Basi anavumilia na kumung'unya karafuu. Hofu hiyo ina chanzo cha kweli, lakini usaha uliojificha chini ya jino ni hatari kwa taya hilo hilo, na kuuacha huko hakumkingi na chochote.

Kwanza ijulikane ni dawa gani. Kumwambia daktari wa meno "natumia dawa ya mifupa" hakutoshi, maana hata kalsiamu na vitamini D huitwa hivyo, na hizo hazina neno. Zinazohusika hasa ni tembe ya alendroneti ya miligramu 70 inayomezwa mara moja kwa wiki (Fosamax ni mojawapo), dripu ya asidi ya zoledroni ya miligramu 5 mara moja kwa mwaka, na sindano ya denosumabu ya miligramu 60 kila miezi 6, ambayo wengi huijua kama Prolia. Beba pakiti yenyewe. Sema umetumia miaka mingapi, dozi ya mwisho ilikuwa tarehe gani, kama unameza prednisoloni (dawa ya kundi la steroidi), kama una kisukari, kama unavuta sigara. Mahali wanapoandaa sindano ya ganzi bila kukuuliza hata moja kati ya haya, nyanyuka uende kwingine. Wanaopewa dawa hizi kwa ajili ya saratani hupata dozi kubwa zaidi, na mara nyingi zaidi. Hao wasing'olewe kabla daktari wao wa saratani hajashauriwa.

Shida yenyewe iko hivi. Mfupa ulio hai hubomolewa na kujengwa upya kila siku, na dawa hizi hupunguza kasi ya kubomoa ili mfupa usizidi kupungua. Jino likitoka, kingo za tundu hazina budi kuliwa kidogo ndipo mfupa mpya ujae na ufizi ufunge juu. Kazi hiyo ikizuiwa, kipande cha ukingo chaweza kufa, ufizi ukashindwa kukifunika, vijidudu vikaingia. Hutokea zaidi taya la chini.

Ni nadra kiasi gani? Kwa makadirio ya chama cha wapasuaji wa mdomo na taya cha Marekani ya 2022, wanaomeza tembe za kundi la alendroneti kwa ajili ya mifupa na kung'olewa jino, wanaopata tatizo hili hawazidi 15 katika kila 10,000. Kwa denosumabu ni kama mmoja katika 100. Ukipita miaka 5 ya tembe, au ukichanganya na prednisoloni, hatari hupanda. Kuna kipimo cha damu kiitwacho CTX ambacho wengine huagizwa. Hakitabiri vizuri nani atapata shida, kwa hivyo pesa hizo zitumie kwa jambo jingine.

Sasa kuhusu kuacha dawa. Alendroneti hukaa ndani ya mfupa kwa miaka, hivyo kuruka tembe mbili tatu hakubadilishi kitu. Denosumabu ni kinyume: nguvu yake huisha, na ukichelewesha sindano mfupa hupungua kwa kasi, hata pingili za uti wa mgongo zikavunjika. Hapa kalenda ndiyo kila kitu. Tuseme sindano ilikuwa 10 Januari. Jino lisilo na dharura ling'olewe kati ya katikati ya Aprili na 10 Mei, ili jeraha lipate miezi miwili hivi kabla ya sindano ya 10 Julai. Daktari aliyeiandika akiona vyema kuisogeza, isipite 10 Agosti. Ila shavu likivimba na usaha upo, hakuna kungoja kalenda.

Muulize daktari pia kama jino laweza kuokolewa kwa kutibu mzizi. Wakati mwingine hukatwa usawa wa ufizi na mizizi iliyokwisha kutibiwa ikaachwa, na mfupa hauguswi kabisa. Likilazimika kutoka, kazi nzuri ni ya polepole: gego hugawanywa, kila mzizi ukatolewa peke yake, kingo kali zikasuguliwa, tundu likaoshwa, ufizi ukavutwa na kushonwa. Meno yakiwa mengi, ni busara kuanza upande mmoja na kuona unavyopona.

Ukitoka hapo, uma shashi nusu saa. Siku ya kwanza usisukutue. Kuanzia ya pili, maji ya klorheksidini mara mbili kwa siku, nusu saa baada ya dawa ya mswaki, la sivyo zinapunguziana nguvu. Maji ya chumvi ya kusukutua yawe maji safi ya kunywa uliyoyatia chumvi mwenyewe. Ya kisima cha nyumbani, yalivyo na chumvi yake, hayafai kwa jeraha. Madafu mimina kwenye gilasi, mrija huvuta donge la damu. Muguka, tambuu na sigara vikae mbali mpaka ufizi ufunge. Siku ya tembe ikiangukia siku ya ganzi, imeze kesho yake asubuhi kwa gilasi nzima ya maji: ikikwama mdomoni huchoma. Kwa mfungaji, kama jino halina dharura, lisubiri Ramadhani ipite, ili dawa za mara tatu kwa siku zinywewe kwa nafasi.

Meno bandia yasirudishwe juu ya pengo bichi. Yakikwaruza, hata mwaka mmoja baadaye, yarekebishwe, kwani kidonda cha meno bandia pekee huweza kufunua mfupa.

Rudi uonwe hata kama hapaumi. Ulimi ukigusa kitu kigumu kama gamba pengoni, midomo ikifa ganzi bila sababu, au usaha ukitoka, usingoje miadi. Na wiki 8 zikipita mfupa bado unaonekana, omba barua ya kwenda kwa mpasuaji wa mdomo na taya, hospitali ya rufaa ya Coast General iliyoko Mombasa au kwingine, ukiwa na picha za eksirei za kabla na baada ya kung'oa.