Siku moja ya fundi baiskeli Mtwara, na krenki isiyotaka kunyamaza

Saa 12:30 asubuhi

Nafungua banda hapa Chikongola. Upepo wa kusi umevuma usiku kucha na jiriwa limeshapata unyevunyevu wa chumvi, ingawa jana jioni nililipangusa kwa kitambaa chenye mafuta. Kijana ninayemfundisha kazi anapanga spana, mimi najaza mafuta ya taa kwenye beseni la kuoshea vyuma. Chai na muhogo wa kuchemsha, kisha kazi.

Saa 1

Mzee mmoja kutoka Mangamba anafika akiisukuma Phoenix yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hii, nikikanyaga inagonga."

Krenki, yaani ekseli na mikono ya pedeli, inacheza. Tunagonga kotapini, vile vipini vinavyoishika mikono kwenye ekseli, tunatoa mikono, tunafungua vikombe vinavyobeba gololi. Ndani grisi imegeuka tope jekundu na gololi mbili zimepasuka. Tunaweka mpya za robo inchi, 11 kila upande, tunapaka grisi, tunafunga. Kijana amekumbuka mwenyewe kwamba kikombe cha kulia, upande wa cheni, kinafunguliwa kinyume. Nikamuuliza sababu, akajibu sawasawa: gololi zikizunguka zinakisukuma kikombe kwenda kinyume na ekseli, kwa hiyo hesi za kawaida, ile mikato ya skrubu, zingelegea zenyewe upande ule.

Kabla ya saa 2 mzee ameshaondoka na mzigo wake wa mkaa. Kazi hii inaweza kufanyika Tandahimba, Newala, kijiji chochote chenye spana na nyundo, na vikombe vile vya hesi vitafunguliwa tena miaka ijayo.

Saa 2:30

Matairi mawili ya kuziba, breki moja ya kubadilisha waya. Hayo niyapite.

Saa 3

Sasa baiskeli ya Mwalimu. Ni ya milimani, fremu ya alumini, mtumba aliyoinunua Dar es Salaam, nayo anaipanda kutoka Naliendele na wikiendi anateremka nayo hadi Mikindani. Akikanyaga kwa nguvu kwenye mwinuko inalia: krii, krii, kila mguu wa kulia unaposhuka. Kwa fundi wa kwanza alibadilishiwa cheni. Kwa wa pili alibadilishiwa beringi zenyewe za krenki, kelele ikaondoka, mvua zilipoanza ikarudi.

Sikimbilii krenki hata siku moja, kwa sababu sauti husafiri ndani ya fremu na masikio hudanganyika. Kwanza pedeli: nafungua, nasafisha hesi, napaka grisi, narudisha. Kisha boliti za sahani ya mbele. Kisha bomba la siti, kwa sababu mchanga ukiingia pale unalia vilevile. Nikasimama na kukanyaga bila kukalia siti, na kelele iko palepale. Basi sasa nina haki ya kufungua krenki.

Nalegeza boliti mbili za mkono wa kushoto, natoa kizibo cha plastiki, navuta ekseli ya milimita 24. Imetoka na maji. Maji hasa, kama kijiko kizima, yameshuka kutoka kwenye bomba la siti na kukaa humo, na hakuna kitundu cha kuyatoa.

Kwenye fremu hii tundu la krenki halina hesi. Vikombe ni vya plastiki ngumu, vimeshindiliwa kwa nguvu, na kinachovishika ni msuguano tu. Tundu likiwa la mviringo kamili na kipimo chake kikiwa sahihi, vitakaa kimya miaka. Nimeshafungua za namna hiyo zilizokuwa nzima kabisa, na sitaki mtu aseme kwamba zote ni mbovu. Lakini tundu likiwa pana kidogo, kikombe kinajisogeza kila unapokanyaga, kiasi usichoweza kukiona, na hapo ndipo kilio kinapotoka. Likiwa dogo, linaibana beringi mpaka inazunguka kwa kukwaruza na kufa mapema. Tundu la kushoto na la kulia yasipolingana mstari mmoja, ekseli inazisukuma beringi kwa ubavu, na mpya nazo zitakwisha vilevile.

Nyundo na bisibisi sizitumii hapa. Nina kipande cha bomba la chuma nilichokichana mwisho mmoja mara nne na kuzipanua zile ncha. Unakipitisha kwenye kikombe, ncha zinajifungua nyuma ya beringi, kisha unagonga taratibu. Ukigonga upande mmoja kwa bisibisi unalikwaruza tundu, na tundu likishakwaruzwa kwenye alumini hakuna wa kulirudisha.

Vikombe vimetoka kirahisi mno. Hilo peke yake lilinipa jibu nusu.

Saa 4:30

Tunaosha tundu kwa spiriti na kulikausha. Kijana anashika taa, mimi napima kwa vernia, kifaa cha kupimia upana wa tundu. Fremu ya aina hii inataka tundu la milimita 41, pungufu kwa sehemu chache za mia za milimita. Vernia yangu hainihakikishii mia za milimita, lakini upande wa kushoto sikuhitaji hata hizo: nikipima juu kwenda chini napata namba moja, nikipima mbele kwenda nyuma inapungua karibu sehemu ya kumi ya milimita. Tundu ni yai. Nikamwambia kijana apime mwenyewe bila kumtajia namba zangu, akapata zilezile.

Hapo ndipo mafundi wawili waliotangulia walipopita bila kutazama. Beringi mpya ndani ya tundu la yai ni hela ya mteja inayotupwa, na Mwalimu mshahara wake anaujua. Kupima kunachukua dakika kumi.

Saa 7

Ugali wa muhogo, samaki, kisamvu. Mama wa jirani ameleta ming'oko, viazi vya porini, kwenye kikapu, nikanunua ya nyumbani.

Saa 9 alasiri

Mwalimu amefika baada ya vipindi. Nikampa vernia, nikamwonyesha pa kushika, akasoma mwenyewe. Akaniuliza swali ambalo ningependa wateja wote waulize: "Fundi, sasa kama hesi zilikuwa nzuri, waliziacha kwa nini?"

Nilimjibu ninavyoelewa. Watengenezaji walitaka ekseli nene na tundu pana, fremu iwe nyepesi na isipinde mtu anapokanyaga. Cannondale, kampuni ya baiskeli ya Marekani, walikuwa na mfumo wao wa ekseli ya milimita 30, na mwaka 2006 wakauruhusu utumiwe na watengenezaji wengine wote. Shimano, watengenezaji wa vipuri wa Japani, nao wakawa na wao wa tundu la milimita 41. Kwenye fremu za kaboni, kuacha hesi kulimaanisha kuacha kipande cha chuma cha kugundishwa ndani, kwa hiyo uzito ukapungua na kazi ya kiwandani ikawa rahisi. Tatizo ni kwamba usahihi wote sasa unadaiwa kwenye tundu. Kiwanda kikichonga vizuri, baiskeli inatulia. Kikilegeza kidogo, mwenye baiskeli ndiye anayebaki na kelele.

Watengenezaji wenyewe wameliona. Mwaka 2015 kampuni za Chris King na Argonaut zilileta tundu pana lenye hesi, T47, linalopokea ekseli nene bila kushindilia, na baadaye Trek wakaanza kulitumia kwenye fremu zao. Santa Cruz wao kwenye baiskeli za milimani waling'ang'ania hesi za zamani muda wote huo. Mimi nawaunga mkono, tena kwa sababu za hapa: chumvi, mchanga, mvua za masika, na kifaa maalumu cha kushindilia ambacho wilaya nzima unaweza usikipate.

Saa 10:30 jioni

Simu kutoka stendi ya Mkanaledi: basi la Dar limeingia, kifurushi nilichokuwa nimeagiza mapema kipo. Kijana amekwenda na bodaboda kukichukua.

Ndani ni vikombe vya alumini vinavyoingia kutoka pande mbili na kukazana vyenyewe kwa vyenyewe kwa hesi katikati ya tundu. Kwa tundu kama la Mwalimu ndiyo dawa niliyo na imani nayo. Kikombe cha kushoto kimeshikwa na cha kulia, haviwezi kutoka wala kupishana mstari, hata kama tundu limekosa kidogo.

Nasafisha tena kwa spiriti. Chuma kinakutana na chuma, kwa hiyo naweka gundi ya Loctite 641, tabaka jembamba kuzunguka tundu. Ingekuwa vikombe vya plastiki ningetumia grisi. Kusukuma natumia boliti ndefu ya hesi, nati mbili, wosha pana, na vipande viwili vya mpingo ambavyo mchonga vinyago mmoja alinichongea kwa kipimo cha kikombe. Mpingo haubonyei, wala hauachi alama kwenye alumini. Nazungusha nati robo, naangalia kama kikombe kinaingia sawa pande zote, robo nyingine. Kikikaa upande nasimama hapohapo na kukitoa. Mwisho nakaza kimoja ndani ya kingine kwa spana yake, nazungusha beringi kwa kidole. Zinateleza bila kukwama.

Chini ya fremu, kwa ruhusa ya Mwalimu, nimetoboa kitundu cha milimita 3 pale ambapo hapana bomba la kubeba uzito, ili maji yapate pa kutokea.

Gundi inataka saa 24 ikamae sawasawa kwenye alumini, kwa hiyo baiskeli inalala bandani. Mwalimu alitamani kuipanda leo. Nimemkatalia, akaelewa, akapanda bajaji.

Saa 12 jioni

Kijana wa Shangani ananionyesha kwenye simu baiskeli ya milimani inayouzwa Dar, anataka kutuma malipo ya awali usiku huu. Picha zote ni za ubavuni. Nimemwambia amwombe muuzaji picha ya karibu ya tundu la krenki kutoka chini. Vikombe vyenye meno ya spana vikiwa nje ya tundu lenye upana wa milimita 68 au 73 kutoka kushoto hadi kulia, huenda ni hesi, na hapo asiogope. Tundu likiwa pana karibu milimita 92 na vikombe laini visivyo na pa kushika spana, basi ni vya kushindilia: ashushe bei, na aulize kama krenki inalia mlimani.

Muuzaji bado hajajibu. Tumekubaliana hela isitumwe mpaka picha ije, na ikija ataniletea kesho kabla sijafungua krenki ya mtu mwingine.