Pezi Lililokatwa

Treni ya SGR ilinishusha Dodoma jioni, baada ya miaka tisa katika jimbo la Washington, Marekani. Mama aliniandalia ugali wa uwele, mlenda na perege wa Bwawa la Hombolo. Kabla ya kumega tonge nikajikuta nampapasa samaki mgongoni, karibu na mkia.

"Unatafuta nini, mwanangu? Magamba nimeshaparua."

Nilikuwa natafuta pezi. Mazoea ya kazi. Huko nilikuwa kituo cha kuzalisha vifaranga wa salmoni, na kabla ya kuwaachia mtoni tuliwakata kipezi kidogo cha nyuma, ili wakirudi wakubwa kutoka baharini wajulikane kuwa ni wa kituoni.

Mdogo wangu akadakia. Kikundi chao cha wavuvi kinachanga fedha wanunue vifaranga wa sato, wawamwage bwawani. "Kaka, umeletwa na Mungu. Utatuongoza."

Nikamsimulia Mto Columbia wa huko Washington. Bwawa la Grand Coulee lilikamilika mwaka 1942 bila njia ya kupitisha samaki, na salmoni wa juu yake wakakatika. Vituo vya vifaranga vikawa fidia. Lakini mwaka 2007 watafiti wa Mto Hood, Oregon, walionyesha kwamba kwa samaki aina ya steelhead, ndugu wa salmoni, kila kizazi kinacholelewa kituoni kinapoteza karibu asilimia 40 ya uwezo wa kuzaa mtoni. Wenyeji wa asili, wenye mikataba ya uvuvi tangu 1855, nao wanajibu: mkifunga vituo, sisi tutavua nini? Siwalaumu, mto hawakuuziba wao.

Kinachoniudhi mimi ni kwamba vifaranga viliwapa watu sababu ya kutolisema bwawa.

Hombolo je? Sato huzaana na perege, damu zikachanganyika, na maji yakifurika huteremka Mto Kinyasungwe hadi Mto Wami. Hapo huwezi kumrudisha samaki.

"Sawa," mdogo wangu akasema, "ila perege wenyewe siku hizi ni wa kiganja. Na ada ya shule inadaiwa Januari."

Sikuwa na jibu la ada. Nikamuuliza tu kuhusu kokoro, nyavu zinazokokota hata samaki wadogo, na kuhusu ile kona ya maji mafupi tuliyokuwa tukiogelea, ambako madume ya perege yalichimba viota vyao.

"Pale? Pamejaa udongo, kaka. Mtu amepanda nyanya."

Asubuhi tunakwenda kupaona.