Saa sita kasorobo usiku

Dosari niliyopewa kuirekebisha ilionekana ndogo na ya wazi kiasi kwamba nilidhani ningeimaliza kabla ya chai ya saa nne. Mwenzangu mmoja anayetunza kumbukumbu za zamani za mvua alikuwa ameingiza vipimo vya miaka ya 1950 na 1960 katika injini ndogo ya hifadhidata ambayo mimi na wenzangu wawili tunaihudumia hapa Nairobi. Alipovisoma tena, alikuta kwamba kipimo cha tarehe 10 Mei 1965, kilichochukuliwa saa tatu asubuhi, kimegeuka kuwa cha tarehe 11 Mei, saa "-15:00". Hakuna saa inayoitwa kasoro kumi na tano, si kwa Mswahili anayeanza kuhesabu saa zake alfajiri, wala kwa yule anayeanza usiku wa manane.

Chanzo chake hakikuwa fumbo. Injini yetu, kama nyingine nyingi, huhifadhi wakati kwa kuhesabu sekunde tangu saa sita usiku ya kuamkia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa zinazolingana na za Greenwich, na kila kilichotokea kabla ya hapo huwa namba hasi. Ili kupata tarehe, sekunde hizo huongezewa tofauti ya saa za mahali, kisha hugawanywa kwa 86,400, ambazo ni sekunde za siku moja. Jibu ni idadi ya siku, na baki ni saa ya siku hiyo. Namba ikiwa chanya, mambo huenda sawa. Ikiwa hasi, lugha ya programu iitwayo C, kwa mujibu wa kanuni zake za mwaka 1999, hukata desimali kuelekea sifuri, hivyo tarehe husogea mbele kwa siku moja na baki huwa hasi: saa 9 ukitoa 24 unapata -15. Python, lugha nyingine ya programu, hufanya kinyume, hushusha jibu hadi namba nzima iliyo chini yake, na ndiyo maana kielelezo cha kwanza cha injini hii, kilichoandikwa kwa Python miaka mingi kabla sijajiunga nao, hakikuwa na kasoro hiyo. Aliyekihamishia katika C mstari kwa mstari alihamisha kila kitu isipokuwa maana ya alama ya kugawanya.

Niliongeza mistari mitatu: baki ikiwa hasi, liongezwe 86,400, na idadi ya siku ipunguzwe kwa moja. Majaribio yote yalipita, kipimo cha mvua kikarudi tarehe 10 Mei saa 09:00, na toleo jipya likatoka.

Siku nne baadaye tulipigiwa simu na chama cha akiba na mikopo kinachotumia injini hiyo hiyo kuhifadhi orodha ya wanachama wake. Karani wao alieleza kwa utulivu, jambo lililonitia hofu kuliko kama angefoka, kwamba tangu waweke toleo letu jipya wazee wao wamezaliwa siku moja mapema. Kwa mtu aliyezaliwa tarehe 17 Agosti, siku moja huenda isiwe na uzito mkubwa. Lakini wazee wetu wengi hawakuandikiwa tarehe walipozaliwa. Walipokwenda kujisajili wakiwa watu wazima walitaja mwaka tu, na karani wa usajili akajaza 1 Januari. Kurudi nyuma siku moja kutoka 1 Januari 1958 ni kufika 31 Desemba 1957, na hapo umri katika kila hesabu inayotegemea mwaka wa kuzaliwa huongezeka mwaka mzima.

Nilichukua mfano huo wa mwaka 1958 na kuujaribu kwenye kompyuta yangu. Tarehe ilitoka sawasawa. Nikajaribu wa mzee wa mwaka 1938, naye akarudi nyuma siku moja kama karani alivyosema. Nikajaribu wa mwaka 1929, akiwa ndiye mkongwe kuliko wote katika orodha ile, na tarehe yake haikuguswa, kwangu wala kwao. Nakiri kwamba kwa mchana mzima niliamini kwamba tatizo lilikuwa katika hesabu ya miaka mirefu, nikaipitia upya hesabu ya kalenda ambayo huanza mwaka mwezi Machi ili tarehe 29 Februari iwe siku ya mwisho ya mwaka, na ambayo hujirudia kila siku 146,097, yaani kila miaka 400. Niliijaribu kwa kila siku kuanzia mwaka 1 hadi mwaka 9999, siku 3,652,059 kwa jumla, kwenda na kurudi. Haikuwa na kosa hata moja.

Jibu lilipatikana nilipoacha kuitazama tarehe na kuomba injini inionyeshe wakati kamili iliokuwa inauona ndani ya safu ile. Kwa mzee wa mwaka 1938 ilionyesha saa 23:45. Saa sita kasorobo usiku! Robo saa hiyo haikutoka kwenye msimbo wetu. Ilitoka kwenye historia ya mji huu. Afrika Mashariki haikuwa daima saa tatu mbele ya UTC. Hifadhi ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson, ambayo sasa huratibiwa na Paul Eggert chini ya IANA, chombo kinachoratibu majina na namba za intaneti, inaeleza kwamba Nairobi ilikuwa saa tatu mbele kuanzia Julai 1928, ikarudi saa mbili na nusu mapema mwaka 1930, ikawa saa mbili na dakika 45 tangu mwanzo wa mwaka 1937, na ikarejea saa tatu mwanzoni mwa Agosti 1942. Hivyo ndivyo yasemavyo matoleo ya sasa, niliyokuwa nayo kwenye kompyuta yangu. Matoleo ya zamani yaliweka robo saa hiyo kati ya mwaka 1940 na 1960, na seva ya chama kile ilikuwa haijasasishwa kwa miaka mingi. Mzee wa 1958 alikuwa mzima kwangu na mgonjwa kwao kwa sababu tulikuwa tunasoma majedwali mawili tofauti, na mzee wa 1929 alinusurika kwa kuzaliwa katika kile kipindi kifupi cha kwanza cha saa tatu.

Sasa kosa lenyewe. Injini ilikuwa inahifadhi tarehe tupu, isiyo na saa, kama saa sita usiku ya siku hiyo. Sehemu inayoandika ilitoa sekunde 10,800, yaani saa tatu, bila kuuliza, kwa kuwa mwandishi wake alijua, kama sote tujuavyo, kwamba huku hatusogezi saa mbele wala nyuma. Sehemu inayosoma, iliyoandikwa baadaye na mtu mwingine mwangalifu zaidi, iliongeza tofauti ya kihistoria kutoka kwenye jedwali. Mzee aliyeandikwa kwa saa tatu na kusomwa kwa saa tatu kasorobo alipungukiwa na sekunde 900, akaangukia usiku wa jana. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeona kwa sababu ule ugawanyaji mbovu wa C, kwa kukata kuelekea sifuri, ulikuwa unamsukuma mbele na kumrudisha kwenye siku yake. Makosa mawili yalikuwa yameshikana mikono, na mimi nililiondoa moja.

Kulirudisha kosa la kwanza lilikuwa wazo la mwenzangu mmoja, na sikumlaumu, maana simu zilikuwa zinaendelea. Tulichofanya hatimaye ni kubadilisha aina ya tarehe ndani ya injini iwe idadi ya siku tu, bila sekunde na bila ukanda wa saa, kama hifadhidata ya PostgreSQL inavyofanya kwa kuhesabu siku kutoka 1 Januari 2000. Siku ya kuzaliwa haina haja ya kujua Greenwich iko wapi. Rekodi za zamani zilihitaji uangalifu wa namna ya pekee: ili kuzisoma kwa usahihi ilitubidi kulirudia kosa la aliyeziandika, yaani kuongeza sekunde zile zile 10,800 hata kwa miaka ambayo hazikuwa kweli, kisha kugawanya kwa 86,400 na kudai kwamba baki liwe sifuri kabisa. Rekodi yoyote iliyobakisha kitu ilitengwa ili karani ailinganishe na faili la karatasi.

Tulipomaliza tulizisasisha seva zote ziwe na jedwali jipya la kanda za saa, nami nikamwandikia mwenzangu wa mvua kumwarifu kwamba kazi imekwisha. Alijibu kesho yake. Vipimo vyake vya mwaka 1955, ambavyo viliingizwa vikiwa na saa kamili wakati seva ingali inaamini kwamba mwaka huo Nairobi ilikuwa saa tatu kasorobo mbele ya UTC, sasa vilisomeka kuwa vimechukuliwa saa tatu na robo asubuhi, vyote, bila kubakiza hata kimoja. Tumeviingiza upya kutoka kwenye faili zake za awali, na safari hii, pembeni ya kila wakati wa UTC, injini inahifadhi pia saa kama ilivyoandikwa na jina la mji ilikoandikwa.